Kiatu Kilichokatwa Kamba

Mjomba wangu ameshona viatu kwa miaka thelathini na moja katika kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa posta. Ana stuli, sindano tatu, kopo la gundi na donge la nta la kupitishia uzi. Gazeti hulisoma kwa kusogeza midomo, lakini soli huisoma kwa kutupia jicho. Mpe kiatu ulichokivaa mwaka mmoja, atakuambia unaburuta mguu gani na kama kazini unakaa au unasimama.

Meli moja ya mizigo ilipogonga mwamba karibu na mji wetu, mawimbi yalipasua makasha yake na kutapika viatu vipya ufukweni. Watu walishuka na magunia, mashuka, mikokoteni. Nilimwona mwalimu wangu wa zamani kakumbatia viatu kama mzigo wa kuni. Sikumlaumu, na simlaumu leo: nusu ya mtaa wetu walivaa kandambili zilizofungwa kwa waya. Ila kwa pupa ile kila mtu aliokota alichokifikia, na kesho yake nyumba nyingi zilikuwa na viatu vya mguu mmoja mmoja. Polisi nao walishatangaza kwamba atakayekutwa na mzigo huo atashtakiwa. Hakuna aliyethubutu kumuuliza jirani.

Wakaja kwa mjomba, kila mmoja na kiatu kimoja ndani ya kitambaa.

"Fundi, hiki kimeachia kidogo," alisema mama muuza mkaa, kiatu kikiwa bado na karatasi ndani.

"Hicho kimeachana na mwenzake, mama. Kiache. Cha kulia cha namba hiyo kililetwa jana."

Siku ya tatu nilikuwa nimekaa naye alipokuja shemeji yake, mpaka rangi wa nyumba, na kiatu cheusi cha kushoto. Mjomba alikigeuza, akapitisha kidole kwenye soli.

"Hiki si cha kwenye mzigo, shemeji."

"Wewe nitafutie cha kulia tu."

"Soli imebadilishwa mara mbili. Mwenyewe alikanyagia upande wa nje. Na fundo hili halijafunguliwa, kamba zimekatwa kwa kisu huku chini. Umekivua mguuni mwa mtu."

Shemeji aliangalia barabarani. "Kashakufa, fundi. Angekifanyia nini?"

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya mawe, penye bomba la maji machafu. Mguu mwingine umebanwa. Tulimwona watu watatu, tukakubaliana kunyamaza. Polisi wakija kumtoa, watapekua nyumba zote."

"Redio imesema mabaharia wote wameokolewa," nilidakia. Mwenye meli alikuwa ametangaza hivyo asubuhi ile.

"Redio haijashika kiatu hiki," mjomba alisema, huku akisimama.

"Ukienda nacho watakuja hapa," shemeji alimwambia. "Gunia zima la viatu vya meli liko nyuma ya stuli yako. Utatuuza ndugu zako kwa ajili ya mgeni?"

"Huyu ana watu wake. Wamesikia redio hiyohiyo, wanashangilia."

Alikifuta kiatu, akaenda nacho kituoni. Polisi walikuja kibandani, wakabeba gunia pamoja na viatu vya wateja wake wa siku zote. Walipomuuliza ni vya nani, alijibu ni vyake, namba zote.

Baharia alitolewa na kupelekwa chumba cha maiti. Mjomba alinunua kamba mpya, akaomba kiatu kirudishwe mguuni.

"Fundi, huyu haendi popote," mhudumu alimwambia.

"Alikuja amevaa."

Akamvisha, akafunga kamba taratibu, na hivyo ndivyo baharia alivyozikwa.

Mahakama ilimfunga mjomba miezi miwili kwa viatu vya gunia lile. Mwenye meli, aliyeupa ulimwengu habari ya uongo, hakuitwa hata kutoa maelezo, na tangazo lake halijasahihishwa hadi leo. Mtaani hakukupekuliwa nyumba hata moja, lakini mama muuza mkaa alipokutana nami alivuka barabara asinisalimie, viatu vyake kimoja kahawia, kimoja cheusi.

Jina na anwani ya marehemu vilipatikana mfukoni mwake. Nilipomtembelea mjomba gerezani, alinitaka niwaandikie jamaa zake. Nilijaza kurasa mbili kuhusu haki, mwenye meli na redio, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho.

"Vizuri," alisema. "Sasa anza upya. Waambie kwanza alizikwa na viatu vyake vyote viwili."