Mmea Uliosafiri kwa Moshi

Mwaka niliomaliza chuo nilirudi nyumbani Nguvumali na shahada ya biolojia na ubishi mwingi. Nilibishana na kila mtu, lakini zaidi na bibi yangu, kwa sababu ya udi.

Kila Ijumaa asubuhi bibi alitia makaa kwenye chetezo, akaweka udi, akazunguka nacho chumba kwa chumba. Kisha alikifunika kwa tenga na kutandaza nguo juu yake zishike harufu. Mdogo wangu wa kike, wakati huo ana miaka minane, alikuwa na pumu. Kila Ijumaa kifua chake kilipiga mluzi, na mara mbili tulimkimbiza hospitali.

"Bibi, moshi unamuumiza," nilimwambia. Nikamchorea mapafu na mirija yake.

"Mume wangu, mimi nafukizwa tangu nina siku arobaini. Nimekufa?"

"Wewe huna pumu."

"Na wewe huna adabu. Nyumba isiyonukia udi ni banda la kuku."

Wiki moja nilikwenda msitu wa Amani kutembea, nikarudi na jani la kangaga, mmea usiotoa maua wala mbegu. Mdogo wangu akaona vidoa vya kahawia upande wa chini. Nikamweleza kuwa ni spora, vumbi ambalo mmea hulipeperusha ili uzaliane. Alifurahi, akachora mmea wake mwenyewe, wa sayari ya mbali, wenye majani kama masikio. Sikuweza kumwacha bila kumhoji.

"Huko kuna upepo?"

"Hakuna."

"Basi spora zinasafiri vipi?"

"Milima inatoa moshi. Zinapanda moshi, kaka."

Bibi alikuwa kando yetu anachagua mchele. "Na watu wakifunga mlango?" akauliza.

"Zinapita chini, bibi."

"Wakijifunika shuka?"

"Zinakaa kwenye shuka. Zinapenda nguo sana."

"Mtihani huo! Zikiingia kifuani je?"

Mdogo wangu akafikiri. "Zinaota. Ukivuta pumzi unakuta majani yamejaa, hakuna nafasi."

Mikono ya bibi ikasimama juu ya ungo. "Ndivyo unavyosikia wewe, mke mwenzangu?"

"Ndiyo. Lakini Ijumaa tu."

Nilifungua mdomo nieleze mirija. Bibi akaninyooshea kidole. "Wewe nyamaza. Miezi yote hiyo umenisomesha, hukuniambia kuna majani."

Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemweleza bibi kila kitu isipokuwa anachosikia mtoto mwenyewe, na sikuwahi kumuuliza.

Ijumaa iliyofuata chetezo kilitoka kwa mlango wa nyuma hadi mwisho wa ua, chini ya kamba ya nguo. Jirani akachungulia ukutani.

"Bibi, leo wawafukiza kuku?"

"Nafukiza kanga zangu. Nguo za mtoto zimebaki ndani, hazitaki."

Dawa ya kuvuta ya mdogo wangu nilikuwa nayo mfukoni tangu alfajiri. Sikuitoa. Pumu haikuondoka, vumbi na baridi vilimkamata tena baadaye. Lakini jioni ile tulikwenda kwa miguu kumsalimu shangazi, na mdogo wangu alitangulia mbio, akageuka, akatungoja, akatangulia tena. Katikati ya njia ni bibi aliyeomba tupumzike.