Biri ya Mshonaji

Mshonaji alianza kuvuta biri za marehemu mumewe ili chumba kinukie kama zamani. Kila Jumamosi alasiri alifunika cherehani, akakata ncha ya biri kwa mkasi wa nyuzi, akaiviringisha karibu na sikio asikie majani ya tumbaku yakichakarika, kisha akaketi dirishani na kuuacha moshi umzunguke taratibu, kama kitambaa chepesi kisichotaka kutua. Zilikuwa nyeusi, nene, kali za kukwaruza koo. Alikohoa, akavumilia.

Sanduku la biri hizo lilipokwisha, alikwenda dukani. Muuza tumbaku hakuuliza; alianza kumfungia zilezile nyeusi. "Pole na msiba, mama. Mzee alikuwa haambiwi kitu kwa hizi."

Vidole vya mshonaji vyenye alama za sindano vilikuwa vimeshafika kwenye biri nyembamba ya rangi ya asali. Akainusa. Ilinukia mbao mbichi na mvua ya mbali.

"Hizo zilikuwa zake, baba. Mimi napenda hii."

"Laini mno hiyo! Mzee angekucheka."

"Angecheka mpaka machozi yamtoke," alisema kwa upole, akalipa, akaiwasha palepale mlangoni pa duka, akafumba macho.