Kikombe Kinachoonjwa Kwanza

Siku binti alipoletwa kwangu tulikuwa watano, na mbwa. Nilikuwepo mimi, mwenye nyumba. Alikuwepo mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu wa pili, anayekaa Kijenge, kule mjini. Alikuwepo mke wake, ndiye huyo binti ninayetaka kumweleza. Alikuwepo mama yake mjukuu, yaani mkwe wangu. Wa tano ni jirani yangu wa chini ya mfereji, tuliyeimba naye kwaya tangu usichana. Huyu alikuja kuomba chumvi, na nilijua chumvi anayo.

Majina yao yote ninayo, la ubatizo na la nyumbani, hata jina la ng'ombe aliyekuwa analia zizini saa ile. Lakini binti ameniomba asitajwe, na nikimficha yeye nikawataja wengine, mtamjua tu. Basi sitaji hata mmoja.

Walifika Jumamosi mchana, masika yakiwa yanaisha, njia ya kupandia huku bado ina utelezi. Nilikuwa nimepika mtori tangu asubuhi, ndizi zangu mwenyewe na mfupa wa ng'ombe. Binti akanisalimia vizuri, "Shikamoo koko," maana ndivyo wajukuu wa huku mlimani wanavyotuita bibi zao. Nikaitika. Nikamwangalia. Alivyokuja mara ya mwisho, alikuwa bibi harusi. Sasa shingo ilikuwa imebaki mishipa, na gauni limeshikwa na pini mgongoni.

Nikafunua sufuria. Kabla sijashika upawa, akasema, "Mimi nimeshiba, koko."

Umeshiba nini? Umepanda mlima kutoka mjini, umeshiba upepo?

Sikusema hivyo. Niliwaza tu. Jirani yangu akamwangalia mkwe wangu, mkwe wangu akaangalia paa. Kwetu mgeni akikataa chakula cha kwanza kabla hata hajakiona, amesema neno kubwa. Amesema, nyumba hii naiogopa. Ndiyo maana mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni akimwona, ndipo anampa. Wazee walisema ni kuondoa ubaya. Basi nikateka kibakuli, nikanywa mimi mbele yake, nikafuta ukingo, nikamkabidhi. Akapokea kwa mikono miwili. Akaweka mdomo, akarudisha kibakuli mezani. Mtori haukuwa umepungua. Niliangalia alama ya pale ulipoishia.

Nikasema moyoni, huyu ananiogopa. Nani amemwambia nini juu yangu?

Mkwe wangu akaniita nyuma ya jiko.

"Mama," akasema, "huyu mtoto si mzima. Ameanguka kule saluni anakofanya kazi, Levolosi, anasuka kichwa cha mtu, wakaambulia kumwagia maji. Tukasema malaria, hospitali wakasema hakuna malaria. Tukasema mimba, wakasema hakuna mimba. Na siku zake hajaziona miezi kadhaa. Hali, halali."

"Hospitali wamesema nini sasa?"

"Wamesema ale, alale, aanze taratibu, arudi wampime tena. Mimi nimemleta kwako. Mavuno ya kahawa yakianza nitakuja kumwangalia. Akiwa bado hivi, namrudisha kwa wazazi wake wakae naye. Mwanangu hawezi kuishi na mke wa kuokota chini."

"Mumewe anasemaje?"

"Mumewe! Yule anasema apewe muda. Tangu lini mwanaume akajua muda?"

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Asipopona kabla ya kahawa kuiva, nyumba yake imekwisha, na kuisha kwenyewe kungetokea mikononi mwangu. Wakaondoka jioni ile, wakaniachia binti na begi lake. Na simu yake, ambayo haikutoka mkononi hata akienda chooni.

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Nilianza kumchunguza. Mchana analala kama paka, jua likizama macho yanafunguka. Nasikia kitanda chake kinalia mpaka jogoo anawika. Chakula anakizungusha kwenye sahani mpaka kinapoa, halafu anaosha sahani haraka kabla sijafika. Nikasema ana mwanaume mwingine kwenye hiyo simu. Nikasema pengine kweli kuna mtu amemfanyia jambo. Na mbwa wangu, ambaye siku zote alikuwa mifupa, akaanza kung'aa.

Halafu kahawa yangu ikaanza kupungua.

Kahawa hiyo nachuma mwenyewe, nakaanga mwenyewe, natwanga kwenye kinu, naiweka kwenye kopo juu ya kabati. Kopo la mwezi mzima lilifika nusu kabla wiki haijaisha. Nikamshuku jirani, huyo wa chumvi. Nikachukua ugwe wa mgomba, nikafunga kopo kwa fundo langu ninalofungia majani ya ng'ombe. Fundo la mtu ni kama sura yake. Kesho yake nikakuta kopo limefungwa tena, lakini ugwe umepasuliwa nyuzi tatu, umesukwa. Msuko mdogo, umebana, kama wa kichwa cha mtoto anayekwenda kipaimara.

Jirani yangu hajui kusuka. Wanawe wote walinyolewa upara.

Nikamkuta binti anapepeta mahindi uani. Nikaweka kopo mapajani mwake. Akatazama msuko wake, akacheka kidogo, halafu machozi.

"Nisamehe koko. Inaua njaa."

"Njaa unayo, na chakula kipo. Unaiulia nini?"

Hapo ndipo akanieleza. Kabla ya harusi alitaka gauni limkae. Akaingia kwenye kikundi cha wanawake kwenye simu, kina mwalimu wake, mwanamke wa kiuno kama nyigu. Huyo anawafundisha kufunga kwa saa. Unakula kuanzia saa nane mchana mpaka saa mbili usiku, basi, baada ya hapo maji na kahawa kavu. Wengine hufanya hivyo na hawadhuriki, alisema. Yeye alisifiwa, akakaza. Saa nane ikawa saa kumi. Saa kumi ikawa mlo mmoja. Harusi ikapita, gauni likarudishwa lilikokodiwa, yeye akabaki anafunga.

"Kwa hiyo huogopi chakula changu?"

Akashangaa. "Nikiogopee nini, koko?"

Nikamwambia nilichokuwa nawaza tangu Jumamosi ile, na kwa nini naonja kwanza. Akaweka ungo chini. "Mimi nilidhani unapima joto!"

Tulicheka, lakini sikumwamini bado. Mtu anayejua kusuka ugwe akaurudisha kwenye kopo ni mtu wa kuangaliwa.

"Basi kula," nikasema.

"Nikila asubuhi naona kama nimekula cha mtu. Kama nimeiba."

Neno hilo lilinikaa. Njaa ya mwaka wa ukame nimeiona, sijasikia mtu anaogopa uji wake mwenyewe.

Nikashuka naye zahanati. Muuguzi ni kijana, ana kucha ndefu, nikamshuku hata yeye. Lakini alisema maneno ya maana. Asijazwe chakula kwa hasira, tumbo limesahau kazi. Ale kidogo mara nyingi, saa zile zile kila siku, njaa iwepo isiwepo. Jioni ale mapema. Kahawa asubuhi tu. Mchana asilale, akae juani, mikono ifanye kazi. Na simu isilale naye. Akasema pia kwamba akizimia tena, au akitapika kila anachokula, nisimpeleke kwa mganga, nimlete pale. Alijuaje nilikuwa na mganga kichwani? Sijui.

Tukaanza. Simu ikawa inalala chumbani kwangu, ndani ya debe la mahindi, nimeifunika kwa mahindi. Kopo la kahawa likahamia sandukuni, kwenye vitenge vya kuzikiwa. Asubuhi, baada ya kukamua, napika uji wa ulezi, natia maziwa. Namimina vikombe viwili. Nakionja chake kwanza, namkabidhi. Sikuwa tena naondoa ubaya, lakini niligundua kwamba nikionja mbele yake anaona aibu kukirudisha. Aibu nayo ni dawa, ukijua kipimo chake. Siku za kwanza alikunywa robo. Alishika kikombe kama kina moto, anahema. Mara moja alikimbia migombani akatapika, nikafunga kilemba tayari kwa zahanati, lakini chakula cha mchana kikakaa tumboni.

Mchana viazi vilivyopondwa na maharage, au loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. Jua likielekea kuzama, ndizi au ugali kidogo na mboga. Katikati ya hapo palizi. Akisinzia shambani, namwita kwa jina lake lote.

Na mbwa akazidi kunenepa.

Hapo nikajua nimechezewa. Uji unaingia mdomoni mbele yangu, unatokea wapi kwenda kwa mbwa? Asubuhi moja nikaaga kwamba nakwenda kumpa ng'ombe majani, nikajificha nyuma ya tanki la maji. Nimekaa pale na magoti yangu haya. Binti amekaa kwenye kigoda, anakunywa, pole pole, anaangalia mlima. Mbwa akaja. Nikasema leo nimemkamata. Mbwa akapita mbele yake asimtazame, akaenda mlangoni, akaingiza mdomo kwenye kikombe changu, akanywa mpaka chini.

Binti akasema kwa sauti, bila kugeuka, "Koko, toka huko, utachafua kitenge."

Nikatoka. Ningefanyaje?

"Kila siku unaonja changu," akasema. "Chako unaweka mlangoni kipoe, unakwenda kwa ng'ombe, mbwa anakunywa, mimi naosha. Unavyoniangalia ndivyo ninavyokuangalia. Wewe unakula saa ngapi?"

"Mimi ni mzee."

"Wazee hawali?"

Tangu mzee wangu aondoke duniani sina hamu ya asubuhi. Kahawa yangu nyeusi, halafu kazi, halafu jioni kipande cha ugali wa jana. Usiku silali sana, nahesabu watu, wazima na waliokufa. Ndiyo maana nilikisikia kitanda chake kinalia. Nilikuwa macho. Sikuwahi kukiita kitu hicho jina. Huku hatuna kikundi cha simu cha kutupigia makofi.

"Basi hivi, koko," binti akasema. "Changu uonje wewe, chako nionje mimi. Na hakuna anayesimama mpaka vyote viwe vitupu."

Akakionja changu cha siku iliyofuata kama mtu mwenye nyumba, akafuta ukingo, akanikabidhi. Tukakaa tunatazamana kama watu wawili wenye kesi ya mpaka. Akimeza, nameza. Mbwa alizunguka vigoda akilia. Alikonda tena, maskini, nikaanza kumpikia mabaki yake peke yake.

Usingizi ulichelewa kuliko tumbo. Lakini siku zilivyokwenda, kitanda chake kikapunguza kulia. Au mimi ndiye niliyeacha kusikia, kwa sababu nami nilianza kulala. Hapo siwezi kuapa.

Kahawa ikaanza kuwa nyekundu. Mkwe wangu akaja alivyoahidi, peke yake, mchana, na uso wa kukagua. Akamwangalia binti kuanzia kichwani. Mashavu yalikuwa yamerudi kidogo, si sana. Akanivuta nyuma ya jiko tena.

"Mama, anakula kweli, au unamfichia kwa sababu mnaelewana?"

"Ulijuaje tunaelewana?"

"Nasikia mnacheka tangu mferejini."

"Kaa mpaka jioni," nikasema. "Mimi sitakuambia kitu. Hata mimi simwamini."

Jioni binti akapika yeye, jua halijazama. Mtori, kama ule wa siku ya kwanza. Akateka bakuli la mama mkwe wake. Akalishika, akanywa yeye kwanza mbele yake, akafuta ukingo, akampa kwa mikono miwili. "Karibu, mama."

Mkwe wangu alibaki amelishika. Nyumba ni yangu, na aliyeonja ni mke wa mwanawe, na anayeonja ndiye mwenyeji. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama paa. Akanywa. Binti akajitekea lake, nikalionja mimi, akalinywa lote. Mkwe wangu alikuwa anachungulia ndani ya bakuli kama mtu anayetafuta pete kisimani.

Tukaanza mazungumzo, bei ya mbolea, nani ameoa, nani amefiwa. Katikati ya maneno mkwe wangu akauliza, "Sasa mwanangu, wewe mwenyewe unajionaje? Utaweza nyumba?"

Binti alikuwa amelala. Ameegemea ukuta, mdomo wazi, anakoroma kama mpasua mbao, na nje bado kuna mwanga.

"Tazama adabu hiyo," mkwe wangu akasema, akanyoosha mkono amtikise. Mkono ukafika begani ukasimama. Akavua kitenge chake akamfunika.

"Mwache," akasema. "Tutashuka naye kesho, akishakunywa uji."

Walishuka. Siku zake zilirudi baadaye, aliniambia mwenyewe kwa simu, kwa sauti ya chini, na zaidi ya hapo hayawahusu. Hospitali walimpima tena wakaridhika. Mimi sijaridhika. Kila asubuhi napiga, namwambia anionyeshe kikombe kwenye simu. Anakigeuza juu chini, kitupu. Nashuku pengine ni cha jana. Naye ananiambia, "Chako kiko wapi, koko?" nami nakigeuza.

Hayo ndiyo ninayokumbuka. Mkwe wangu anasema jioni ile tulikula ndizi za nyama, haikuwa mtori. Jirani anasema siku ya kwanza chumvi ilikuwa imemwishia kweli. Waliokuwepo wakiona nimekosea mahali, wapande huku wanisahihishe. Waje asubuhi, kabla vikombe havijawa vitupu, na wasije wakiwa wameshiba.