Vidonge vya Duka Navyo ni Dawa

Kuna jambo la utotoni, mwanangu, likinijia hucheka peke yangu. Kwetu Vitengeni tulikuwa tukitafuna mihogo kutwa, na maembe juu yake, kisha nyanya akituuliza, "Mmekula?" tunamjibu, "Hatujala." Wala hatukumdanganya. Kwetu kula ni sima. Hayo mengine ni kupitisha wakati. Darasani sikukaa sana, usinitafutie makosa, lakini hilo nalijua: mtu hujibu kwa neno alilo nalo yeye, si kwa lile la anayemuuliza.

Sasa huyu rafiki yangu Kazungu, tuliyekata naye mawe timboni miaka mingi, vumbi lile lilimla mapafu. Mwaka huu, mvua zikikaribia, kifua kilimbana hata kusema ni taabu. Mimi na mkewe Kadzo tukampeleka hospitali. Muuguzi, binti mdogo, akatayarisha sindano ya kufungua kifua.

"Shikamoo, baba. Leo umetumia dawa yoyote?"

Kazungu akatikisa kichwa. Binti akaanza kutafuta mshipa.

"Ngoja kwanza," Kadzo akasema. "Na vile vidonge vyeupe vya asubuhi? Na vingine ulivyomeza njiani?"

"Vile... vya duka," Kazungu akahema. "Dawa... si ya daktari?"

Basi ni yale yale ya mihogo. Muuguzi akaiweka sindano chini, akaviomba vile vidonge avitazame. "Baba, hivi na sindano hii ni ndugu wa tumbo moja. Nikikuongezea bila kujua, moyo utakimbia mbio za kukuua."

Akamwita daktari. Wakampa hewa na dawa ya kuvuta, wakampima moyo na damu. Baadaye sana ndipo daktari akairuhusu sindano, kiasi kidogo, ndani ya chupa ya maji, tone kwa tone. Pumzi ikamrudia Kazungu, na maneno nayo.

"Isukume basi, mwanangu, nikalale kwangu."

"Hii haisukumwi, baba."

"Mnazi wenyewe ukigemwa hutona upesi kuliko hii."

"Mnazi unaungoja bila kelele," Kadzo akamwambia.

Kazungu aliporudi mtaani kwake Muyeye, bwana mmoja wa mkoba, apigaye watu sindano majumbani, naye Kazungu zamani alikuwa mteja wake, alimwita njiani. "Mzee, mbona umenihama? Kwangu hakuna foleni."

"Na moyo utanipima?"

Yule bwana akacheka. Kazungu akaenda zake, na kwa bwana huyo hakurudi tena.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Ukiulizwa, taja kila kilichopita kooni: vidonge vya duka, mizizi ya mganga, hata kahawa, na sigara pia. Sindano ya kifua ni ya hospitali, si ya kitandani kwako. Wakiipitisha polepole, waache. Moyo ukipiga ovyo, mikono ikitetemeka au ukitaka kutapika, sema papo hapo, usijikaze kiume.

Mungu akupe pumzi ndefu, na akupe mtu wa kukusemea siku ulimi wako utakapokwama.