Ada Aliyoilipa Muthama

Muthama wa Makau alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, tena mtu wa mkono wa birika. Nayataja yote mawili pamoja kwa sababu hata yeye hakuwahi kuyatenganisha. Akikutengenezea geti, aliokota kila kipande cha chuma kilichobaki na kuondoka nacho, na ukimuuliza alikujibu kwamba wewe ulilipia geti, hukulipia vipande. Hoteli yangu ya chai, hapa Kitengela kando ya benki, ina geti lake mpaka leo. Bawaba zake hazijawahi kulegea, hilo lazima niseme.

Nilimjua tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini, Kitengela ikiwa bado ni barabara moja, bucha kadhaa, na ng'ombe wa Wamaasai waliovuka lami wapendavyo. Baba yake, mzee Makau, alitoka Machakos akaja kutafuta kibarua kwenye kiwanda cha saruji kule Athi River. Alipopata vijisenti akanunua ploti Kisaju, mbele huko kwenye barabara ya Namanga, na watu wakamcheka kwamba amenunua upepo. Alipofariki aliacha nyumba ya mabati, tangi la maji, mkewe Nzembi, na Muthama ambaye ndiye aliyekuwa mtoto wao wa pekee. Mama na mwana wakabaki wawili tu. Muthama hakuoa, na mama yake hakuchoka kumkumbusha.

Mwaka wa 2003 kontrakta mmoja wa Nairobi alipata kazi ya kujenga hoteli za watalii Arusha. Akatafuta mafundi wa kwenda kukaa huko, akamchukua Muthama. Chumba walipewa, lakini mshahara uliingia benki ya hapa Kitengela, na Muthama akapewa kadi ya kutolea pesa kwenye mashine. Aliambiwa kadi hiyo inafanya kazi hata Tanzania. Ni kweli ilifanya kazi. Kile ambacho hakuambiwa ni kwamba kila ukiitumbukiza kwenye mashine ya ugenini, mashine inakata ada yake, benki yako ya nyumbani nayo inakata yake, halafu hata bei ya kubadilisha pesa inakuminya. Muthama alikuwa na mazoea ya kutoa kidogo kidogo, leo ya unga, kesho ya sabuni. Mwisho wa mwezi wa kwanza alipoona kilichobaki, nusura augue.

Hayo alinieleza akiwa amesimama hapa hotelini, chai yake ikipoa. Alisema, "Mama Phylis, pesa yangu imekulwa na ukuta." Akaapa kwamba ukuta wa Arusha hautaonja shilingi yake tena.

Basi kuanzia hapo, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, alidamka akapanda gari la Namanga, akavuka mpaka, akapanda lingine mpaka Kitengela, na kufika saa za chakula cha mchana akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Alikuja kutoa pesa za mwezi mzima kwa mara moja, hapa kwetu ambako mashine haikumkata kitu cha maana. Nilimfanyia hesabu nikamwonyesha kwamba nauli ya kwenda na kurudi inaishinda hiyo ada anayoikimbia. Hakutingishika. Alinijibu kwamba nauli anajua amempa nani, dereva anamwona kwa macho, lakini ada ya mashine hajui anampa nani. Ubishi wa namna hiyo huwezi kuushinda, nikamwachia.

Mama yake alikuwa akitoka Kisaju siku hiyo kuja kumlaki. Nzembi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, mwenye sauti ya chini. Alivaa viatu vya Jumapili siku ya Jumamosi, akakaa kwenye benchi la saruji mbele ya benki na kiondo mapajani. Mwanawe akifika walisalimiana, kisha wakaenda kwenye mashine pamoja. Muthama alibonyeza, na mama alisimama nyuma yake akiwa amempa mgongo, leso ameitandaza kwa mikono miwili, ili watu wa foleni wasione namba. Wanyama, askari wa benki, alikuwa akimtania kwamba atamwajiri. Pesa zikishatoka walikuja kwangu, chai ya maziwa na chapati, na Muthama akatoa ugoro wa Arusha aliomletea. Nzembi alisema kila mara kwamba ugoro wa Tanzania hauna nguvu. Kila mara pia ulikwisha kabla mwezi haujaisha.

Nilikuwa nikimtania Muthama kwamba anaifuata mashine, hamfuati mama. Alicheka. Nzembi naye alicheka, akasema basi Mungu aibariki hiyo mashine. Baada ya chai walinunua sukari, nyama na mafuta ya taa, wakarudi Kisaju. Jumapili wakaenda kanisani, na jioni mtu akarudi Arusha.

Waithera ndiye aliyeyabadilisha mambo, na wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Murang'a, mwenye kibanda cha mablanketi na vyombo vya plastiki kule Arusha. Mali alinunua Nairobi, akaiuza kule. Shida yake ilikuwa kinyume cha shida ya Muthama: yeye alikuwa na shilingi za Tanzania mkononi na alihitaji za Kenya za kununulia mali, na wabadilishaji wa Namanga walikuwa wakimnyoa bila maji. Siku moja mwaka wa 2005 walikaa meza moja hapa kwangu, kila mmoja akilalamika. Kabla chapati hazijaisha wakawa wamepatana. Waithera atampa Muthama pesa za Tanzania hukohuko Arusha. Akija Kitengela, Nzembi atamtolea pesa za Kenya kwenye mashine kwa kadi ya mwanawe, na kubakiza za matumizi yake. Hakuna ada, hakuna wabadilishaji, hakuna nauli. Hata mimi niliona ni akili tupu.

Muthama akaiomba benki kadi ya pili ya akaunti hiyohiyo. Moja akamwachia mama. Nyingine akaishona ndani ya mfuko wa koti, akisema hiyo ni ya dharura. Halafu akamfundisha mama yake kubonyeza. Nzembi hakusoma, lakini alikuwa ameuza mahindi na ndengu sokoni maisha yake yote, na namba hazikumsumbua. Siku ya kwanza akatoa pesa peke yake bila kukosea, na Wanyama akampigia makofi. Muthama alifurahi sana. Mama yake aliishika ile kadi, akaigeuza, kisha akamwuliza mwanawe kwa sauti yake ya chini, "Sasa wewe utakuwa ukikuja kuchukua nini?"

Muthama akacheka. "Si nitakuja tu, mwaitu. Hata kusalimia," akasema. Mwaitu ndivyo Wakamba wanavyomwita mama.

Nadhani alimaanisha. Miezi miwili ya kwanza alikuja. Wa tatu kukawa na kazi ya Jumamosi yenye malipo maradufu, akaona si haba. Akaanza kuja kila robo ya mwaka, kisha Pasaka na Krismasi, kisha Krismasi ya 2006 nayo ikampita kwa sababu hoteli ilitakiwa ifunguliwe Januari. Simu alipiga, na ugoro alimpa Waithera aulete. Hakumtupa mama yake, sitaki mtu afikirie hivyo. Nzembi alikuwa na unga, alikuwa na mafuta, alikuwa na blanketi jipya. Lakini mtu huyu alikuwa amejitafutia sababu moja tu ya kurudi nyumbani, ile ada, na alipoiondoa hakujua kwamba amejikatia barabara. Mimi nakasirika nikifikiria. Hajui mtu kwamba anampenda mama yake mpaka mashine imlazimishe?

Nzembi hakulalamika. Akija kumtolea Waithera pesa, alipita kwangu akanywa chai kikombe kimoja, bila chapati. Nilimuuliza habari za Muthama, akajibu kwamba yuko salama, kazi imemshika.

Agosti mwaka wa 2007 mashine ikaimeza ile kadi. Nzembi alimpigia mwanawe simu akiwa mezani kwangu, simu ameishika kwa mikono miwili. Alisema alikosea namba, na benki inasema lazima mwenyewe aje na kitambulisho ndipo arudishiwe. Niliisikia sauti ya Muthama upande wa pili, imepanda. Alimuuliza alibonyeza nini, mbona siku zote anajua. Nzembi alirudia tu kwamba alikosea, na kwamba mwenyewe ndiye anayetakiwa. Kisha akamuuliza kama atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akasikiliza kidogo, akasema sawa, akaizima simu. Akalipia chai yake akaenda zake.

Kilichotokea Arusha nilikuja kukijua baadaye kwa Muthama mwenyewe. Msimamizi wao, Githongo, alimwambia achukue Jumamosi hiyo aende akamalize mambo ya benki. Muthama akakataa. Kulikuwa na paa la ukumbi la kuchomelea, na Jumamosi bado ilikuwa maradufu. Badala ya kuja, aliufumua ule mfuko wa koti, akaitoa kadi ya dharura, akaenda nayo kwenye mashine ya Arusha. Mashine ikakata yake, benki ikakata yake, na yeye akatia pesa mfukoni. Za mama akampa Waithera amletee. Septemba akafanya vilevile.

Oktoba upepo wa Kisaju ulikuwa mkali, na Nzembi akashikwa na kifua. Hakumwambia mtu. Jirani yake, Naipanoi, mama wa Kimaasai aliyezoea kumsalimu sopa kila asubuhi kupitia ua, alisalimu siku hiyo akakosa jibu. Alimkuta kitandani akihema, akatafuta gari la kumfikisha hospitali. Muthama alipigiwa simu akaacha kila kitu na kuja, lakini alipovuka Namanga mama yake alikuwa ameshakata roho. Gari lake lilipita Kisaju bila kusimama, kwa sababu mwili ulikuwa huku Kitengela.

Baada ya mazishi alikaa siku kadhaa akipokea watu, kisha akaja mjini. Aliingia benki na kitambulisho, wakampa ile kadi bila maswali. Halafu akaja kwangu akakaa kwenye meza yao. Nilimletea chai. Wanyama alipopata mapumziko akaja kumpa pole, akavuta kiti. Akasema kuna jambo limekuwa likimkereketa na angependa kulitoa.

"Mwezi wa saba mama aliniuliza hii mashine humeza kadi kwa nini," akasema. "Nikamwambia ukikosea namba mara tatu, inameza. Akaniuliza, sasa ikishameza anarudishiwa nani? Nikamwambia ni mwenyewe tu, akuje na kitambulisho. Akasema asante. Mimi nilidhani anaogopa isije ikamezwa."

Muthama alikuwa akimtazama.

"Akakuja na viatu vyake vya kanisa," Wanyama akaendelea. "Akabonyeza mara tatu, polepole. Haikuwa siku ya Waithera. Ilipomeza, nilikuwa nimesimama hapo kando, nikamwona anatabasamu. Na Jumamosi ya mwisho alikuja asubuhi akakaa kwa benchi na kiondo. Nikamwambia mama, kadi huwezi kupewa. Akasema anajua, anangojea mwenyewe. Alikaa mpaka tukafunga. Mwezi wa tisa pia."

"Aliniambia alikosea," Muthama akasema.

"Huyo mama hakuwahi kukosea hapo."

Wanyama alirudi kazini. Mimi nami nilikuwa nimemwona Nzembi kwenye lile benchi na nikadhani anamngoja Waithera. Nililia mbele ya wateja wangu. Muthama hakulia. Alianza kunisimulia habari ya Githongo na paa na mfuko wa koti, yote kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ushahidi dhidi ya mwingine.

"Hiyo ada nimeikimbia miaka minne," akasema. "Siku ile moja ya kuikimbia kweli, nikalipa. Nikalipa mara mbili, na sikuona uchungu."

Aliitoa kadi mfukoni akaiweka mezani, kati ya kikombe chake na pale alipokuwa akikaa mama yake. Nilimuuliza kama nimletee chapati. Akatikisa kichwa.

"Mwaitu aliniuliza nitakuwa nikikuja kuchukua nini," akasema. "Ona sasa. Nimekuja kuchukua kadi."