Chungu cha Mama Mkwe

Zefania alichoka kabla kuni hazijawaka. Tangu apunguzwe kazi ya reli, miaka mitatu sasa, uchovu wake ulikuwa wa kuamka asubuhi bila pa kwenda. Ndiyo maana alijenga tanuri dogo la matofali nyuma ya nyumba yake, pale Manyoni, akaanza kuchoma vyungu kwa kujifurahisha. Furaha yenyewe iko wapi? Mara nne alichoma, mara nne akazoa vigae.

Kosa lilikuwa la mkono. Ujana wake wote aliumaliza akichochea moto wa injini za mvuke, na huko ukizubaa treni haipandi mlima. Mkono uliozoea hivyo haujui kuusubiri udongo.

Safari hii chungu kilikuwa cha mama mkwe wake, Bi Anastasia. Tangu biashara iwe huria maduka yalijaa ndoo za plastiki, na hakuna aliyemwagiza chungu tena. Alikifinyanga kabla vidole vyake havijakakamaa kabisa, akasema hiki ndicho cha mwisho. Kwa kuwa hakuwa na nguvu za kukichoma mwenyewe, alimkabidhi mkwe. Zefania aliona ameheshimiwa kwa mara ya kwanza tangu apunguzwe kazi, na heshima hiyo ilimlemea.

Wakwe hawa hawakusemezana, ndiyo desturi. Mama akitokea huku, mkwe anapotelea kule, na maneno yote hupitia kwa Martina, mke wa Zefania. Asubuhi hiyo Martina alileta maagizo.

"Mama anasema moto mdogo mpaka jua liwe utosini. Weka mfuniko wa sufuria juu ya tundu la moshi. Mfuniko ukitoka jasho, chungu bado kina maji, usiongeze kuni."

Kisha akaenda msibani.

Mpaka saa nne Zefania alitii. Mgongo ulimuuma, macho yalimwasha, na mfuniko ulikuwa bado unatoka jasho. Akajiambia moto umelala mno. Akasukuma magogo matatu kwa mpigo. Moto ukavuma, na moyo wake, Mungu amsamehe, ukafurahi.

Bi Anastasia alisikia mvumo ule kutoka kibandani kwake. Akatoka, akasimama mbali kidogo na tanuri akiutazama moshi. Zefania alipomwona aliinamisha uso, akaacha kila kitu, akaenda nyuma ya ghala la mahindi, hatua chache tu kutoka kwenye tanuri, ili mama apite. Miaka minane, tangu mama ahamie kwao, ndivyo alivyofanya.

Lakini mama hakupita. Kama Martina alivyokuja kueleza baadaye, kuusogelea moto kulikuwa kumsogelea mkwe, naye hakuwa mtu wa kumvunjia mwenzake heshima. Akangoja Zefania aende mbali zaidi. Zefania akangoja mama apite. Wakangojana hivyo, magogo matatu yakiwaka.

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama debe lililopigwa teke.

Zefania akatoka mbio. Bi Anastasia alikuwa ameshafika mdomoni mwa tanuri, na kwa mara ya kwanza wakatazamana usoni. Macho ya mama yalikuwa mekundu, na Zefania hakuthubutu kusema ni moshi.

"Nilitaka uzitoe kuni," mama alisema.

Zefania alitafuta neno la kuomba radhi. Miaka minane hakuwahi kumwambia lolote, hajui hata pa kuanzia.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba," mama akajibu, akainama kuokota vigae.