Wimbo wa Mwisho wa Upande B

Siku ya kwanza Vitalia alipofika kwenye kibanda cha Pankras sokoni Mbinga, alichambua robota zima la mitumba akitafuta mtandio. Hakujaribu hata mmoja kichwani. Yote aliipima shingoni.

"Huo ni hariri, dada. Haushuki bei," Pankras alisema.

"Hariri gani inakwaruza hivi? Ingekuwa hariri ungeuvaa mwenyewe."

Akapunguziwa. Alipokuwa akiufunga ndipo Pankras akaliona rovu, kubwa kama ngumi, limeelemea upande mmoja wa koo. Wanawake wengi wa milimani walikuwa nalo, wala asingelitazama mara mbili, ila sauti ile aliijua. Huyu ndiye aliyeimba na bendi ya jazi kila Jumapili mchana ukumbini, binti aliyetoka kwaya ya Kigonsera na kutunga nyimbo zake mwenyewe.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa. Redio kaseti zilikuwa zimeanza kuingia hadi vijijini, na wenye nazo walitaka kanda. Pankras alikuwa na moja kubwa yenye kurekodi. Akamweleza Vitalia mpango wake: amrekodi onyesho zima, watu na makofi yao, nyimbo zake tupu, kisha auze kanda.

"Basi ufanye haraka," Vitalia alisema. "Masista wamenipangia kukatwa hili. Daktari anasema neva ya sauti imepita humo humo."

"Na usipokatwa?"

"Nikilala chali hewa inakatika. Nalala nimekaa, kaka."

Pankras akapiga hesabu yake: sauti ikipotea, kanda itatafutwa zaidi. Wazo hilo lilimtia baridi, lakini hakulitupa.

"Nyimbo zote uza," Vitalia alisema. "Wa mwisho hapana. Huo unirekodie mimi."

"Wa mwisho ndio mtamu!"

"Ndiyo maana. Na nikikwama katikati, usizime."

Wakapatana.

Jumapili hiyo ukumbi ulijaa. Pankras alichuchumaa chini ya jukwaa na redio yake. Nyimbo za mwanzo zilipita salama. Ule wa meli inayochelewa Mbamba Bay uliwafanya watu wapige miluzi. Kwenye wimbo wa mwisho, ubeti wa pili, sauti ikakatika. Vitalia akashika mtandio shingoni.

"Mwiba wa samaki mbasa huo, umemkwama!" mtu akapiga kelele. Ukumbi ukaangua kicheko.

Urbani, mpiga gitaa, hakucheka. Alirudia mapigo yale yale, akimtazama Vitalia anavyobadilika rangi midomo. Pankras naye kidole kilikuwa juu ya kitufe. Azime, aruke jukwaani? Akakumbuka mapatano, akakiondoa kidole. Ndipo hewa ikaingia kwa mlio wa mlango mbovu, na Vitalia akaushika ubeti palepale gitaa lilipomngojea.

Siku ya kukatwa, Pankras alikwenda hospitali. Alijiambia amekwenda kuangalia mali yake, lakini kila sista alipotoka mlangoni, alisimama kumuuliza. Mwisho wakamruhusu aingie. Vitalia alikuwa macho, amelala chali. Akafungua kinywa kumsalimu. Ikatoka pumzi tupu.

Pankras alikwenda kutoa nakala Songea, na kanda zikatembea Namswea, Litumbandyosi, mpaka ziwani. Wanunuzi walirudi na malalamiko: "Upande B unaishia hewani, umetuibia!" Wimbo wa mwisho hakuutoa. Hakuwa mtakatifu; kila alipofika pale sauti ilipokatika, alishindwa kuendelea kusikiliza, akazima.

Miezi ikapita. Vitalia akaja kibandani bila mtandio, ana kovu, sauti ni mkwaruzo wa kusikiliza kwa makini.

"Kaka Pankras, wimbo wangu."

Akampa kaseti. Vitalia akaigeuzageuza mkononi.

"Nitaichezea wapi? Kwenye sufuria?"

"Nikuuzie redio?"

"Mimi ndiye ninayeuza. Toa nakala za wimbo, nipe ile redio iliyonirekodi."

"Ile? Nitarekodi na nini tena?"

"Utamrekodi nani?"

Pankras akamsogezea redio. Kwa sauti ndogo akauliza, "Pale ulipokwama, wale wa nakala Songea wakate?"

"Wasikate. Siku ile walicheka bure. Sasa wanunue."

Kanda mpya iliuzika kuliko ile ya kwanza, ila Pankras hakurekodi tena mtu yeyote. Vitalia aliibeba redio kichwani, akapanda mlima wa kwao bila kusimama kutafuta pumzi, na bila kuimba.